Kadi ya Dabo

Hili sikusimuliwa. Nililiona mwenyewe, kwa macho haya mawili, na mtaa mzima wa Mafiga hakuna anayenizidi kuona.

Mpwa wangu Twalibu alikuwa anajigharamia harusi. Ukoo uliahidi michango, ukaishia kuahidi. Basi tukabana: turubai la kuazima, keki hakuna, kadi za kuandika kwa mkono. Mwandiko nimejaliwa, japo shule niliishia darasa la nne.

Zikabaki sufuria za pilau. Tukaelekezwa kwa Bibi Mwanaasha, mlimani juu ya Bigwa. Tulifika jua linazama. Amekaa kibarazani, nyuma yake migomba tu.

"Shikamoo, bibi."



"Sufuria chukueni," akanong'ona. "Hela yenu sitaki. Nipeni kadi. Dabo."

Twalibu akacheka. "Watu wawili? Bibi, unakuja na nani?"

"Na mwenzangu... Msiponihesabia mwenzangu, nitamtafuta hukohuko."

Twalibu akachukua kalamu, akaandika, akampa. Bibi akaifutika kwenye kanga bila kuisoma. Tunashuka na masufuria kichwani, mpwa wangu anajisifu: "Mjomba, nimeandika singo! Sahani moja nimeiokoa."

Nilimwonya. Nilimwonya sana.

Harusi ilikuwa kwa kina Sabra, bibi harusi, palepale Bigwa. Alasiri, nakoroga pilau, pilau langu linalonukia hadi Mazimbu... harufu ikakatika.

Ikaja harufu ya mgomba uliokatwa sasa hivi.

Bibi Mwanaasha yuko mlangoni, kadi mkononi. Anaisoma.

Anatabasamu.

Alikula kidogo, akaondoka bila kuaga. Nikamchungulia akipanda njia ya mlimani. Hakuwa peke yake. Amemshika mkono mtu mwenye shela jeupe.

Nikakimbilia turubaini. Sabra yupo! Amekaa kwenye kiti chake, shela kichwani. Nikashusha pumzi, nikampa mkono wa pongezi.

Mkono wake baridi. Umelowa.

Nikajifutia kwenye shati. Doa la utomvu wa mgomba, mwaka wa pili huu, halijatoka kwa sabuni yoyote.

Sabra anaishi na Twalibu. Anapika, anafua. Ila zamani alikuwa akiniona tu, "Shikamoo, mjomba!" Siku hizi ananitazama tu.

Twalibu amekonda. Juzi kaninong'oneza, "Mjomba, halali usiku yule. Ananiuliza neno moja tu: nani aliandika ile kadi?"

"Umemjibu?"

"Bado."

Jana Sabra kaja kwangu, mwenyewe, na daftari. "Mjomba, niandikie jina langu hapa."

Sasa nikiri, maana nimewaapia kuwa niliona yote. Niliona. Kitu kimoja tu nimekitunga: Twalibu hakushika kalamu. Yeye alisema, "Mjomba, mwandikie dabo, tusigombane na mtu mzima." Sahani niliionea uchungu mimi.

Sabra nimemwambia sijui kuandika.

Daftari kaliacha.