Kura za Wakati wa Futari

Shamis Ogle alikutwa amelala kifudifudi kwenye mlango wa ofisi yake, nyuma ya soko la mifugo la Garissa, mkono wa kulia umevunjika na kichwa kinavuja damu. Simu haikuwapo. Kompyuta haikuwapo. Mkoba wake wenye pesa ulikuwa palepale mezani, haujafunguliwa.

Inspekta Weris Barre aliutazama mkoba ule kwa muda. Mwizi gani huyu?

Alimkuta Shamis hospitalini, mkono umefungwa plasta.

"Ulimwona?"

"Alinijia kwa nyuma. Nilisikia nyayo, nikaanza kugeuka, basi."

"Alitaka nini?"

"Kura zangu."

Kura zile Garissa nzima ilizijua. Shamis alikuwa ameuliza kwenye ukurasa wake wa habari mtandaoni: kati ya wanne wanaotafuta tiketi ya chama ya kugombea uwakilishi wa wadi, nani anafaa? Ulikuwa mchezo tu, hadi wazee wa ukoo, waliochoka kugombana, walipotangaza kwamba watamuunga mkono atakayeongoza, na wengine wajiondoe kabla ya mchujo. Wangekutana kesho. Aliyeongoza ni Bishar, mfanyabiashara wa ngamia aliyekwisha kushindwa mara mbili.

"Nilizichambua," Shamis alisema. "Kila jioni ya mfungo, adhana ya magharibi ikilia, kura zinakatika. Nani ataacha tende mkononi ashike simu? Lakini za Bishar ndiyo kwanza zinamiminika. Akaunti mpya, picha za watu wa nchi za mbali. Nikiziondoa, anashuka hadi nafasi ya tatu. Anayeongoza ni Kaaha, yule mkunga."

"Nani alijua?"

"Niliandika kwamba natoa uchambuzi leo. Kila mtu alijua."

Inspekta aliporudi kituoni, alimkuta Mzee Kerrow akimsubiri, kanzu nyeupe, ndevu za hina.

"Binti yangu, tumesikitika sana," mzee alisema. "Tumeleta maslaha, fidia ya kimila. Nyumba yetu itampa msichana ngamia, jambo liishe kabla ya Idi."

Inspekta alimsogezea kiti.

"Nyumba ipi, adeer?" Alimwita ami, kwa heshima ya umri.

"Ya Bishar. Mimi ni ami yake."

"Kwenye jalada nimeandika mwizi hajulikani. Sijamtaja mtu. Tangu lini nyumba ikalipia kosa la mtu isiyemjua?"

Desturi haikuwa na utata: maslaha hutoka kwa jamaa wa aliyetenda. Kuna mtu alikuwa amemwendea huyu mzee akitetemeka, na mzee, kwa uungwana wake, alikuwa amewahi mno kulipa.

"Alikuwa nani, adeer?"

"Hayo ni ya nyumbani, binti."

"Msichana alivunjwa mfupa ofisini kwake, adeer. Si nyumbani."

Alasiri hiyo, wakiwa na kibali cha kupekua nyumba ya Bishar, polisi waliipata kompyuta na simu chini ya kitanda cha Najib, mwana wa Bishar na msimamizi wa kampeni yake. Alama za vidole kwenye kompyuta zilikuwa zake.

"Nashika vitu vingi," Najib alisema katika chumba cha mahojiano.

"Na hivi ukavishika vikakufuata kitandani?"

Najib aliinama, akatazama meza.

"Baba yako alikutuma?"

Najib akainua kichwa. "Baba hajui chochote. Mwache baba."

"Basi nieleze wewe."

"Aliposhindwa mara ya pili, watoto walimzomea kwa nyimbo sokoni. Alijifungia ndani, hata msikitini haendi. Safari hii nikamnunulia kura za mtandaoni. Inspekta, ungemwona. Akishakula daku ananiita, 'Najib, nisomee.' Namsomea, anacheka kama kijana." Alijifuta uso kwa kiganja. "Na huyu msichana alitaka kumwambia kwamba watu hawamtaki. Nilifuata kompyuta tu. Akageuka, nikampiga fimbo. Nilipoona damu nikakimbia kwa Mzee Kerrow."

Inspekta Weris alimwonea huruma. Hata hivyo aliyaandika yote, neno kwa neno, akamsukumia karatasi atie sahihi.

Jioni, Kerrow na Bishar walikuwa wamesimama kando ya kitanda cha Shamis. Vifaa vyake vilikuwa vielelezo vya polisi, lakini alikuwa ameazima simu ya nesi, akiandika uchambuzi wake kwa kidole kimoja, polepole.

"Pokea ngamia, binti," Kerrow alisema. "Ukiandika utaiaibisha nyumba nzima."

"Mimi sikupigwa na nyumba, adeer. Ngamia rudi nao. Kesi iende mahakamani."

Bishar alisogea. Macho yalikuwa yamemwiva.

"Mimi ni wa ngapi?"

Shamis alimtazama. "Wa tatu, adeer."

Bishar alishika chuma cha kitanda. "Basi ngoja wazee wakae kwanza. Siku moja tu. Kwa ajili ya kijana wangu."

"Kijana wako alitaka ninyamaze," Shamis alisema kwa sauti ndogo. "Akausahau mkono wa kushoto."

Akabonyeza.