Chelehani ya Kudalizi

Cherehani ilikuwa imeondoka, kitambaa cha kuifunika kimebaki. Kilikuwa juu ya meza, kimekunjwa pembe kwa pembe. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokitazama Inspekta Scholastika Luhende alipoingia kwenye karakana ya kikundi cha akina mama washonaji, eneo la Kitaji, mjini Musoma, Jumatatu saa tatu asubuhi.

"Mwizi mstaarabu huyu," alisema Konstebo Gody.

Kufuli halikuvunjwa. Madirisha yalikuwa mazima. Alama za vidole zilikuwepo tele, za akina mama thelathini wanaoingia na kutoka kila siku, kwa hiyo hazikuwa na maana yoyote.

Kilichoibwa kilikuwa kitu kimoja tu: cherehani mpya ya kudarizi, ile ya kisasa yenye kioo, waliyopewa na mfadhili wiki mbili zilizopita.

"Hatujaitumia hata mara moja, afande," alisema Rebeka, mwenyekiti wa kikundi. "Tulikuwa tunasubiri Alhamisi, mwalimu mpya aanze."

"Funguo ziko ngapi?"

"Tatu. Mimi ninao, mlinzi Baltazari anao, na Mwalimu Ursula anao. Ila Mwalimu yuko msibani kwao Bunda tangu Jumamosi."

Baltazari Mugeta, mlinzi, alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Mtu wa Makoko, umri wa miaka hamsini hivi, sauti ya chini.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kanisani, afande. Halafu nikaenda ziwani kwa shemeji kuangalia nyavu. Jumapili mimi silindagi, hata mwenyekiti anajua."

"Shemeji yuko wapi?"

"Amevuka kwenda visiwani. Simu haipatikani."

Kufika saa tano Baltazari alikuwa mahabusu. Mkuu wa upelelezi hakutaka maneno mengi. "Ufunguo anao, shahidi hana. Kesho saa tatu namfikisha mahakamani."

Scholastika aliifahamu njia hiyo. Mlinzi hana mdhamini mwenye nyumba. Akifikishwa mahakamani atapelekwa gerezani kungoja kesi, na kesi ya mlinzi haina haraka. Mkewe, Tereza, alikuwa tayari amekaa kwenye benchi la nje na chupa ya uji, akimuuliza kila askari anayepita kama mume wake amekula. Inspekta alipita pale mara mbili na mara zote mbili aliona haya.

"Nimesachi mtandaoni, afande!" Gody alikuja mbio na simu yake. "Nimeandika 'cherehani ya kudarizi inauzwa Mara'. Iko Butiama!"

Wakaenda Butiama. Fundi mmoja aitwaye Revocatus aliwapokea kwa uso wa mbuzi. Mashine yake ilikuwa nyekundu, imechakaa, na risiti zake zote alikuwa nazo.

"Tangazo lenyewe ni la mwaka jana," alisema. "Mmetoka Musoma hadi hapa bila kuangalia tarehe?"

Gody alijifanya anasoma risiti.

Wakiwa njiani kurudi, Scholastika alimgeukia konstebo wake.

"Umetafuta kama mnunuzi, Gody. Umetumia maneno ya mtu anayeuza. Sasa huyu aliyekunja kitambaa namna ile, una hakika anauza?"

"Kama hauzi, anaitaka ya nini?"

Badala ya kumjibu alimpigia Sara, yule mwalimu mpya aliyekuwa aanze Alhamisi.

"Sara, mwanangu, hiyo mashine mtu akiichukua anaweza kuiwasha?"

"Hawezi, afande. Ina namba ya siri, naijua mimi tu. Ukikosea mara tatu inajifunga, inaandika E-07."

"Basi," Scholastika alimwambia Gody baada ya kukata simu, "kuna mtu mahali fulani amekodolea macho E-07. Ana shida. Na mtu mwenye shida anauliza. Tuache kutafuta cherehani, tutafute swali."

Saa kumi na moja jioni walikuwa mbele ya kompyuta ya ofisi. Inspekta aliandika: cherehani ya kudarizi imejifunga E-07 namba ya siri. Yakaja majibu maelfu: matangazo ya maduka, video za Kichina, vitabu vya maelekezo. Akachuja, yabaki ya wiki hii tu. Hapakubaki kitu.

"Chelehani ya kudalizi," alijisemea kwa hasira. "Uko wapi wewe?"

Gody alicheka, kisha akakumbuka yuko na nani. "Samahani, afande."

"Cheka tu. Sisi tuliozaliwa Bunda kwa wakulima wa pamba tunasemaga hivyo. Nyumbani ni Kisukuma, hiyo 'r' yenu tumekutana nayo shuleni. Mimi nilichapwa kwa neno hilohilo darasa la tatu."

Halafu akavuta kibodi na kuandika kama alivyotamka.

Mtambo wa utafutaji ulimjibu kwa adabu: Inaonyesha matokeo ya cherehani ya kudarizi. Yakarudi maduka yaleyale.

"Ona! Na wenyewe ni mwalimu wa Kiswahili," alisema Scholastika. "Unatusahihisha, na katika kutusahihisha unamficha mtu wetu."

Akayafungia maneno yale ndani ya alama za kunukuu, mtambo uyachukue kama yalivyo, kwa makosa yake yote. Safari hii yalikuja majibu manne tu. La tatu lilitoka kwenye jukwaa la mafundi wa kushona, lililo wazi kwa kila mtu. Mwulizaji alijiita Maua Mazuli, na picha yake ilikuwa waridi.

Habali zenu mafundi. Nina chelehani ya kudalizi imegoma inaandika E-07 inataka namba ya sili. Naifunguaje?

Liliandikwa Jumapili saa nane mchana. Fundi mmoja wa Mwanza alimtaka apige picha ya kibandiko cha chini ya mashine. Picha ilitumwa Jumatatu saa saba na dakika kumi mchana.

Gody alitoa hati ya makabidhiano kutoka kwenye jalada. Wakalinganisha namba ya mashine, tarakimu moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa sawa.

"Ila afande, nusu ya mkoa huu inaandika hivi. Herufi si ushahidi."

"Nani kasema ni ushahidi? Hiyo imetufungulia mlango tu. Ushahidi ni namba hii, na saa. Leo saa saba mchana Baltazari alikuwa wapi?"

"Mahabusu. Na simu yake ya kitochi iko kaunta."

Scholastika alifurahi, na hakuificha furaha yake. Aliteremka kwenye majibu ya mwisho. Fundi wa Mwanza alikuwa ameuliza: Uko wapi dada nije? Akajibiwa: Bunda nyuma ya jineli.

Jineri ya Bunda, kiwanda cha kuchambulia pamba, aliijua tangu utoto. Na kati ya wenye funguo watatu, mmoja tu alikuwa Bunda.

Asubuhi ya Jumanne, saa moja na nusu, gari la polisi lilisimama nyuma ya jineri. Msiba haukuwepo. Hapakuwa na turubai wala sufuria kubwa wala watu waliolala nje. Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa makamo aliyening'iniza futi ya kupimia shingoni. Ndani, juu ya meza, cherehani ilikuwa imewekwa juu ya shuka safi.

"Ursula Ngolo?"

"Ndiyo, afande." Aliiangalia hati ya upekuzi lakini hakuisoma. "Karibuni ndani."

"Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Uliichukua lini?"

"Jumamosi jioni. Nimeifunga kwenye kanga, nikapanda nayo basi. Nani aniulize? Kila mtu anajua mimi fundi."

"Ulitaka kuiuza?"

"Kuiuza!" Lilimuuma neno hilo kuliko pingu. "Miaka tisa nimefundisha pale. Hata Sara, mimi ndiye nilimfundisha kutia uzi kwenye sindano. Mfadhili kaja na chelehani yake, kasema anataka mwenye cheti. Wamemweka Sara. Mimi niwe nakaa naye kwenye benchi, nanyoosha mkono, nauliza kwa mtoto wangu?"

"Kwa hiyo?"

"Nilitaka nijifunze kwanza peke yangu. Nirudi nayo Jumatano, niiwashe mbele yao wote, wajue Mwalimu ni nani."

Gody aliacha kuandika. Scholastika alimwonea huruma, kweli kabisa, lakini lilikuwa limebaki swali moja.

"Ulijua Baltazari amekamatwa?"

Ursula aliishika futi yake kwa mikono miwili. "Rebeka alinipigia jana saa sita."

"Na saa saba ukatuma picha ya kibandiko."

"Nilisema watamhoji, watamwachia. Ilikuwa imebaki hiyo namba tu, afande. Hiyo namba tu."

"Mkewe amelala kwenye benchi la kituo."

Ursula alianza kulia. Scholastika alipiga simu kituoni, akamweleza mkuu wa upelelezi kilichopatikana, kisha akaomba Baltazari aitwe kaunta ili amwambie mwenyewe kwamba yuko huru. Ilikuwa saa mbili na dakika tano Baltazari alipoambiwa kwamba yuko huru, na cherehani imekutwa kwa nani.

"Naomba niongee naye," alisema Ursula. "Nimwombe msamaha. Tafadhali, afande."

Inspekta alisita, halafu akaweka simu kwenye sauti ya juu na kumsogezea.

"Baltazari, kaka yangu, ni mimi. Mwalimu."

Upande wa pili ilisikika sauti ya Tereza akimhimiza mumewe anywe uji.

"Mwalimu gani?" aliuliza Baltazari.