Onyo la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mstari ule Nuzhat hakuuandika yeye.

Kazi yake kwenye kampuni ya mashine za hospitali pale Hyderabad ilikuwa kuandika kurasa za msaada, zile anazofungua muuguzi akibonyeza alama ya kuuliza kwenye mashine ya kudondoshea wagonjwa dawa. Asubuhi hiyo ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na nyongeza: "Mashine ikizimika na kuwaka tena, hurudi kwenye kipimo cha mtu mzima. Kwa mtoto, weka upya."

Akaufuta mstari. Ukarudi. Akaufuta tena, harufu ya karafuu maiti, ile wanayotiwa wafu sandani, ikapanda kutoka kwenye kibodi.

"Venkat," alimnong'oneza jirani yake wa meza, "nani anagusa kurasa zangu?"

Venkat aliposoma, alirudisha kiti nyuma. "Dada, funga hiyo. Hayo maneno ya Moizuddin."

"Moizuddin yupi?"

"Aliyekuwa na kiti chako. Onyo hilo aliliweka mara tatu, bosi akalitoa mara tatu, eti linatisha wanunuzi. Moyo ulimsimama hapo hapo ulipokaa."

Nuzhat akakimbilia maabara, akaizima mashine ya majaribio, akaiwasha. Kipimo cha mtu mzima.

Bosi wao, Raghavendra, alipoambiwa alicheka. "Watu wazima mnaogopa maandishi? Tazameni." Akaufuta mstari kwa mkono wake.

Ndipo kompyuta zote za chumba kile, hata zilizokuwa zimezimwa, zikafungua ukurasa mmoja mweupe, na vitufe vikaanza kushuka na kupanda bila vidole, tak, tak, tak, vikiandika majina ya watoto watatu, kila jina na hospitali yake na siku ya kufa kwake, huku harufu ikizidi hadi watu wakajiziba pua kwa nguo, kisha vikaanza jina la nne, polepole, herufi moja moja: K, e, e, r, t…

"Keerthana," alisema Raghavendra. Bintiye. Alilazwa jana kwa homa ya dengi. Akapiga simu hospitali. "Sista, mashine ya mwanangu!"

"Umeme ulikatika kidogo, bwana, lakini imeshawaka te…"

"Izime! Nakuomba, izime!"

Vitufe vikanyamaza.

Mtoto alipona. Onyo lilipelekwa kila hospitali siku ile ile, na hakuna aliyethubutu kuligusa hata koma. Ila kwenye kompyuta za chumba kile jina lile halifutiki. Limekatika pale pale kwenye t, na mbele yake kijistari kinawaka na kuzima, kikingoja.