Wangwe Hakupimwa

Kila asubuhi Jerusha alikamua ng'ombe, kisha akaenda kuchota maji. Akirudi, mama mkwe wake Gesare alikuwa tayari amechemsha mizizi. Jerusha alikunywa kikombe kizima huku akisimamiwa. Ilikuwa dawa ya kumpatia mtoto; hata mwenye mimba alinyweshwa, ili mimba ishike.

Alikunywa miaka sita. Mumewe, Wangwe, hakuonja hata tone. Nani angethubutu kumwambia mwanamume akapimwe? Katika boma lile karibu na Ogwedhi, utasa ulikuwa wa wanawake tu.

Mwaka wa 1994 walimchoka. Wangwe alimrudisha kwao, akadai ng'ombe wake wa mahari, akawaswaga mchana kweupe majirani wakitazama.

"Huyo ni tasa," Gesare alitangaza sokoni, bila haya.

Jerusha aliolewa tena, huko Masara. Mwaka haukuisha, akajifungua mtoto wa kike.

Habari zilifika Ogwedhi upesi, na watu wakamcheka Wangwe. Ndipo alipokwenda kwa Phanice, mhudumu wa afya wa kijiji. Phanice alimtuma hospitalini akapimwe manii. Alirudi na karatasi ya majibu, mama yake akimfuata nyuma.

Phanice aliisoma. "Mbegu zako ni chache sana. Mtoto akikosekana, mume na bibi wanapimwa wote wawili. Ungekuja mapema, hii yote tungejua."

Gesare aliingilia. "Daktari, mimi nilikunywa hiyo mizizi nikiwa na mimba yake. Kila siku. Ni mimi nilimharibu?"

"Mama, hiyo siwezi kusema. Kuna mimea iko na kitu inafanya kazi mwilini kama homoni ya kike. Wataalamu walipatia panya wenye mimba hiyo kitu, tena nyingi. Watoto wengine wa kiume wa hao panya wakakuwa na mbegu chache. Kwa binadamu bado haijathibitishwa. Na mizizi yako hakuna mtu amepima. Kwa hivyo mwenye mimba asipewe dawa yoyote kabla ya kuuliza kliniki."

Gesare aliondoka mbio kwenda nyumbani. Binti yake Nyabuto alikuwa na mimba ya miezi mitatu, naye pia alikuwa akinyweshwa. Siku ileile Gesare alimwaga dawa yote. Akampeleka Nyabuto kliniki mwenyewe, mwezi baada ya mwezi, mpaka akajifungua salama. Kwa Jerusha hakufanya hivyo hata siku moja.

Wangwe alikwenda Masara. Alimkuta Jerusha akianika mihogo.

"Nisamehe. Shida ilikuwa yangu."

"Unaniambia mimi peke yangu?" Jerusha aliuliza. "Ulinirudisha watu wakiona."

Wiki hiyo Wangwe alisimama nyumbani kwa baba yake Jerusha, mbele ya majirani walewale, akasema yote. Alianza upya mara mbili. Hakuna aliyemsaidia.

Jerusha alimsikiliza mpaka mwisho. Hakulia, wala hakutabasamu.

"Nimesikia," alisema. "Sasa yule utaoa, mwambie kabla hajaingia kwako."