Neno la Siri Alilolisahau Kufuli

Kufuli aliandika herufi tano, vikatokea vitone sita.

Alidhani macho yamechoka. Akafuta, akaandika tena kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu aliyeanza kompyuta jana. Herufi tano. Vitone sita, vimejipanga kwenye kile kisanduku cheupe kinachoomba neno la siri. Akabonyeza, na kompyuta ikamjibu kama ilivyomjibu tangu asubuhi: neno la siri si sahihi. Hapohapo, kwenye spika ambazo alizizima kwa mkono wake mwenyewe, ikatoka sauti ya mtu anayevuta pumzi, nyembamba, yenye mluzi ndani yake.

"Nani huyo?" aliuliza. Mle kichumbani mlikuwa na kiti kimoja, meza moja na yeye.

Niwaeleze kwanza huyu Kufuli ni nani, maana mama yake hakumpa jina hilo. Alikuwa mkuu wa ofisi ya wachora ramani za majengo, na jina alipewa na wafanyakazi wake, kwa kificho. Kila wateja wakubwa walipokaribia kuja kuonyeshwa kazi, alimchukua mtengenezaji wa slaidi akamtia kwenye kachumba kasiko na dirisha, kanakopakana na ukumbi, akafunga mlango kwa nje na ufunguo akautia mfukoni. Simu na mkoba unaviacha mapokezi. Hutoki mpaka umalize. Alidai ni kwa ajili ya kulinda siri, eti wapinzani wana masikio marefu. Mimi nasema alipenda tu kusikia watu wakigonga.

Ofisi ile ilikuwa na utaratibu mwingine. Kazi ikiisha, mtengenezaji analifunga faili kwa neno la siri, na neno hilo haliandikwi popote. Anamtajia kwa mdomo yule atakayesimama mbele ya wateja, basi, wawili tu ndio wanaolijua. Na aliyesimama siku zote alikuwa Kufuli, kwa kuwa alikuwa na ulimi mtamu na tai nyingi. Makofi yote yalikuwa yake.

Mtengenezaji wa slaidi alikuwa kijana mwenye pumu, na kifua chake kilipiga mluzi hata akiwa amekaa kimya. Wenzake wakamwita Filimbi, naye akacheka nao. Alitembea na pampu yake ya pumu na alijipaka kifuani dawa ya kuchua yenye harufu ya mnanaa, hata ukipita kwenye korido ungejua Filimbi amepita. Siku yake ya mwisho alifungiwa asubuhi, pampu imo mkobani, mkoba uko mapokezi, na dada wa mapokezi katumwa mjini. Kufuli akaenda kula. Aliporudi alisimama kidogo nje ya kile chumba, akasikia kugonga, na sauti inaita neno moja, inalirudia. Akasema moyoni, huyu anatafuta njia ya kwenda kuzurura. Akageuka, akaenda kunywa chai na rafiki zake.

Alipokuja kufungua, Filimbi alikuwa sakafuni, mdomo umebaki wazi. Kwenye kompyuta kazi ilikuwa imekwisha na faili limefungwa. Kufuli aliutia ufunguo mfukoni kwanza, ndipo akapiga kelele. Watu walipokusanyika akawaambia mlango ulikuwa wazi muda wote, masikini ya Mungu, sijui kwa nini hakutoka. Akalia machozi kabisa.

Sasa turudi kwenye vile vitone: Filimbi alikuwa ameshazikwa, na kesho yake wateja wa hospitali ya uzazi walikuwa wanakuja kuiona kazi ileile, na michoro yote ya mwisho ilikuwa ndani ya faili lile. Wenye ofisi walikuwa wameshamwambia Kufuli waziwazi: ukiipata kazi hii unakuwa mbia wetu, ukiikosa urudishe funguo uende kwako. Fundi wa kompyuta aliitwa, akahangaika, akajifuta jasho.

"Mkuu, mtu akilifunga faili namna hii, bila neno lake hakuna wa kulifungua. Hata ukilihamishia kwenye mashine nyingine litakuuliza hilohilo."

Kufuli alikuwa amejaribu siku ya kuzaliwa ya Filimbi, jina la mke wake, timu yake ya mpira, mtaa wake. Vitone vilizidi kimoja kila mara.

"Lakini mkuu," alisema dada wa mapokezi, aliyesimama mlangoni bila kukanyaga ndani, "si lazima alikutajia? Ndiyo utaratibu wetu."

"Hakunitajia kitu."

"Labda alikutajia ukasahau." Dada akanusa hewa, uso ukambadilika. "Mkuu, nani kajipaka dawa ya kuchua humu?"

Kufuli aliificha mikono chini ya meza. Yeye harufu ile aliisikia tangu alipovuka kizingiti, na ilikuwa ikitoka kwenye mikono yake mwenyewe.

Dada wa mapokezi ndiye aliyemtajia yule mama. Alikuwa fundi cherehani, ana kibanda chake nyuma ya soko, anashona sare za shule mchana kutwa, ila watu walimjua pia kwa kutoa majini. Siku nyingine Kufuli angemcheka huyo dada mbele ya wote. Siku hiyo alivaa miwani myeusi, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mama alikuwa na pini mdomoni. Alisikiliza habari ya faili na neno la siri bila kushangaa, kama mtu anayeletewa suruali ipunguzwe. Akatema pini kiganjani, akachukua utepe wa kupimia nguo, akamzungushia Kufuli kifuani.

"Vuta pumzi uizuie."

Kufuli akazuia. Mama akaangalia utepe. Ulikaza, ukalegea, ukakaza tena, taratibu, na Kufuli bado kazuia pumzi, mashavu yamejaa. Aliinamisha macho akauona kwa macho yake utepe unavyocheza, na kijasho chembamba kikamtoka.

"Baba," mama alisema kwa sauti ya chini, "marehemu kapumzika, hana habari na wewe. Lakini pale pumzi ilipomkatikia kuna jini aliingia. Hawa hufuata pumzi ya mtu aliyedhulumiwa. Ameinywa ile ya mwisho, na neno la mwisho analo mdomoni. Faili lako kalikalia yeye."

"Basi mtoe. Aniambie hilo neno."

"Hilo neno uliambiwa. Wewe ndiye umelisahau." Akaurudisha utepe shingoni. "Simtoi leo. Nenda kwa mjane ukamwambie ule mlango ulikuwaje. Ukisema kweli, nitakuja asubuhi nimtoe kwa urahisi, kama ninavyofumua pindo. Usiposema, usikanyage kile chumba tena."

Kufuli alijivuta nyuma hatua moja. Habari ya mlango hakuwa ameigusa hata kidogo.

Basi alikwenda, tusimnyime haki yake. Mjane alikuwa akianua nguo uani, na kati ya nguo zile mlikuwa na mashati mawili ya kiume, kayafua ingawa mvaaji hayupo. Alimkaribisha kiti, akabaki amesimama.

"Shemeji," Kufuli alianza, "nimekuja kukujulia hali. Na pia, samahani, kama marehemu aliwahi kukutajia neno la siri la kazi yake ya mwisho."

"Aliwatajia nyinyi huko. Mimi hakunitajia." Mjane alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Shemeji, naomba nikuulize na mimi. Nimeiosha maiti yake pamoja na mama yake. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka. Mlango ulikuwa wazi?"

Neno la kweli lilikuwa limefika mlangoni mwa meno. Angelitema pale, hadithi yetu ingeishia uani. Lakini akaikumbuka kazi ya hospitali, akakumbuka ubia, akakumbuka watu watakavyomtazama, akalimeza.

"Ulikuwa wazi, shemeji. Haki ya Mungu."

Mjane aliliweka lile shati juu ya jingine. Kufuli, kwa kuona yamepita salama, akamwalika kesho ukumbini, akae mbele, wateja waone jinsi ofisi inavyojali familia ya marehemu. Mjane akasema atakuja.

Usiku ule mkewe Kufuli alimtikisa. "Baba, geuka. Unakoroma kwa sauti ya mtu mwingine." Asubuhi mke alikuwa kahamia kwa watoto.

Wateja walifika wakajaa ukumbini. Mjane alikaa kiti cha mwisho wa mstari wa mbele, jirani kabisa na mlango wa kile kichumba, mikono mapajani. Mitambo ya ukumbi iliunganishwa na kompyuta ya mle kichumbani kwa waya uliopenya ukutani, kwa hiyo Kufuli alimwambia dada wa mapokezi awapoze wageni kwa soda, akaingia, akausukuma mlango nyuma yake. Hakuufunga. Ufunguo ulikuwa mfukoni, aliugusa kuhakikisha.

Aliandika, akakataliwa. Akaandika tena, akakataliwa. Kisha akaondoa mikono kwenye kibodi kuifuta jasho, na vitone vikaendelea kutokea vyenyewe, kimoja, kikatulia, kimoja, kikatulia, kwa mwendo wa mtu anayepumua kwa taabu, na kila kitone kilipotokea alisikia mluzi ule nyuma ya sikio lake, karibu kiasi cha kuhisi ubaridi wa mnanaa shingoni, akataka kugeuka na shingo ikakataa, akataka kusimama na magoti yakakataa, na kifua chake kikaanza kubana kidogokidogo kama mkanda unaosogezwa tundu moja baada ya jingine na mkono usio na haraka. Ndipo kugonga kukaanza. Kuligongwa pale mlangoni, ila kwa upande wa ndani, mahali ambapo hapakuwa na mtu, kugonga kulekule alikokusikia siku ile akiwa ameshiba na harufu ya mchuzi bado iko vidoleni mwake, na sauti ikaita neno lile moja, ikalirudia, na Kufuli akatambua kwamba hakuwa amelisahau hata siku moja, alikuwa analikimbia tu.

"Nifungulie."

Akaliandika. Safari hii vitone havikuzidi. Faili likafunguka.

Ukumbini taa zilififia, muziki laini ukaanza, na slaidi ya kwanza ikatokea ukutani: hospitali ya uzazi, dirisha kubwa katika kila chumba. Wateja wakanong'ona kwa furaha. Slaidi zikasonga zenyewe, moja baada ya nyingine, kazi safi ya Filimbi, na dada wa mapokezi akawa anageukageuka kumtafuta mkuu wake aje kuzungumza.

Mkuu wake alikuwa mlangoni, kwa ndani. Alikuwa amevuta kitasa hakikusogea. Aliutafuta ufunguo mfukoni, na mfuko ulikuwa mtupu hadi kwenye mshono. Pumzi ilikuwa inaingia kwa mluzi na haitoki. Aligonga. Muziki ulikuwa juu, watu walikuwa wanatazama mbele, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa karibu vya kutosha.

"Shemeji," aliita. "Nifungulie."

Mjane aligeuza kichwa. Hakuinuka.

"Nani? Shemeji? Mlango si uko wazi?"

"Umejifunga. Nifungulie, tafadhali."

Mjane akasogeza mdomo kwenye ufa wa mlango, akazungumza kwa upole, kama anayembembeleza mtoto asiamke.

"Na ule wa siku ile?"

Kwenye sikio la Kufuli kitu kikasema, kwa sauti ya mluzi, mwambie. Mkanda ukalegea tundu moja kumpa nafasi. Hewa ikaingia, tamu, ya kutosha sentensi moja. Upande wa pili wa ukuta wateja walianza kupiga makofi, na makofi yale Kufuli aliyajua, maisha yake yote aliishi kwa hayo, alijua yakiisha vizuri tu karatasi za ubia zitatiwa sahihi, na mtu anaweza kupelekwa hospitali, akapona, akasahau. Hewa ile akaitumia hivi:

"Ulikuwa wazi, shemeji. Nakuapia."

"Basi toka," alisema mjane.

Akageuka mbele, akaweka mikono mapajani, akaitazama kazi ya mume wake mpaka slaidi ya mwisho. Nyuma yake kugonga kuliendelea kidogo, kukapungua, kukaisha. Kama alijua au hakujua, sikuwa moyoni mwake. Ila mimi ningekaa vilevile.

Taa zilipowashwa dada wa mapokezi alikwenda kumwita mkuu. Aliugusa mlango kwa kidole ukafunguka. Haukuwa umefungwa. Kufuli alikuwa sakafuni, mdomo wazi, vifundo vya vidole vimechubuka, na ufunguo uko mfukoni mwake palepale alipouweka. Wateja walisikitika sana, wakaipa ofisi ile kazi.

Yule fundi cherehani aliitwa. Alisimama kizingitini, akavuta pumzi mara moja tu, akageuka. Alisema alikuwa kajiandaa kumtoa mmoja.

Kile kichumba sasa hakitumiki, na mlango wake umewekewa tofali usijifunge. Juzi dada wa mapokezi alifika asubuhi, akaning'iniza mkoba, akawasha kompyuta yake ya mezani, mbali kabisa na ukumbi. Kisanduku cheupe kikamwomba neno la siri kama kila siku. Aliandika herufi tano, vikatokea vitone saba.