Kucha za Rangi ya Ufizi

Duka la vifaa lilifurika. Foleni haikuwa na kichwa wala mkia, na kila mtu alimwita muuzaji kwa wakati mmoja. Msichana mwenye koti jeupe, vumbi la plasta kwenye nyusi, alisukumwa mpaka akagonga gitaa lililoning'inia mgongoni mwa kijana mbele yake. Alilitazama, akasahau kuomba radhi.

"Gitaa lako lina mapengo."

Kijana aligeuka. Shati lake la bluu lilipigwa pasi mbele tu. "Nyuzi mbili nene nimezing'oa mwenyewe."

"Bila ganzi?"

Alicheka. "Nataka lilie kama banjo. Uzi wa chini nimeulegeza kidogo. Hapa palipobaki wazi naweka uzi mwembamba kuliko wote, ulie juu kabisa. Sasa natafuta sponji niibane chini ya nyuzi, sauti ikatike upesi."

"Si ununue banjo tu?"

"Dada yangu, umewahi kuona banjo dukani mji huu?" Akaangalia koti lake. "Daktari?"

"Natengeneza meno bandia. Daktari anang'oa, mimi najaza."

Walitoka pamoja, yeye na plasta yake, kijana na sponji yake. Kufikia wiki ya tatu, simu ya msichana haikutulia mezani saa ya chakula cha mchana.

"Bwana Nyuzi, umekula?"

"Nimekula, mpenzi. Vidole ndivyo vyenye njaa."

Banjo hupigwa kwa kucha za kuvaa, na hizo hakuzipata popote. "Lete mkono," msichana alisema. Wagonjwa walipoisha kliniki, alimkalisha kitini wakitazamana, akazamisha dole gumba lake na vidole viwili kwenye ute wa kuchukulia alama za meno. Mkono ulikuwa wa moto. Hakujua aangalie wapi.

"Ulimi wa ukucha wa dole gumba, ile ncha inayogonga uzi, uelekee kulia," kijana alisema, na msichana akaandika: kulia.

Ndipo kijana akamwambia. Bendi moja ilitafuta mpiga banjo wa kuzunguka nayo nchi za nje mwaka mzima. Majaribio ni Jumamosi, saa tisa mchana.

"Na wakikukataa?"

"Nabaki."

Msichana alitabasamu kabla hajajizuia. Kijana aliliona tabasamu hilo.

Ijumaa asubuhi kucha zilimfikia zimefungwa kwenye shashi, za plastiki ya waridi inayotengenezewa fizi. Mbili zilimkaa kama alizaliwa nazo. Ya dole gumba ilikwangua hewa.

Alipiga simu. "Umefanya kusudi."

"Nimefanya nini?"

"Ulimi umeelekea upande wa pili. Unataka nikataliwe. Ulitabasamu siku ile, nilikuona."

Kabla msichana hajajibu, simu ikakatwa. Alizunguka meza yake ya kazi. Alikoroga plasta, ikagandia bakulini. Akakoroga nyingine, nayo ikaganda. Mwishowe alichukua karatasi ya vipimo, akalisoma tena neno lile moja: kulia. Kisha akawasha taa yake ndogo ya spiriti, akaanza upya.

Jumamosi alimkuta kwenye korido ya ukumbi, kati ya wapiga tarumbeta na wapiga ngoma, akijaribu nyuzi kwa kucha zake mwenyewe. Moja ilishakatika.

"Ulisema kulia," msichana alianza bila salamu.

"Kulia kwako. Wewe ndiye uliyekuwa unaandika."

"Sisi wa meno hatuna kulia kwangu. Kulia ni kwa mgonjwa, siku zote. Miaka sita sijaandika vingine."

Kijana alimtazama, kisha akautazama mkono wake. "Kumbe kila mmoja alikaa upande wa mwenzake."

"Vaa hii."

Aliivaa. Iliingia bila neno.

"Nisamehe, mpenzi. Nimekusingizia bure."

"Si bure." Msichana aliukaza ukucha kwenye dole gumba. "Nilitamani wakukatae. Hata sasa natamani. Ila mikono yangu haijui kutengeneza kitu kibovu."

Jina la Bwana Nyuzi likaitwa. Msichana alibaki mlangoni, akivua kiatu na kukivaa tena. Ndani, gitaa halikulia kama gitaa: sauti fupi, kavu, zilizokimbizana kama kokoto juu ya bati. Alijua kabla ya makofi.

Kijana alitoka jasho likimtiririka. "Wamenichukua. Tunaondoka mwisho wa mwezi."

"Nimesikia."

"Kabla ya hapo nataka kuja kwenu."

"Kufanya nini?"

"Kumwomba mama yako asimpe mtu mwingine nafasi yangu."

"Mama hapokei maneno ya kijana aliyekuja peke yake."

"Nina mjomba."

"Anajua kuongea?"

"Kunyamaza ndiko kunakomshinda."

Msichana aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Basi Jumapili ijayo. Saa nne. Mama hapendi wachelewaji."

Kijana alishatoa simu, ukucha wa waridi ukigonga kioo chake. "Shikamoo mjomba. Jumapili ijayo una shughuli? … Iahirishe."