Tumbo la Kiti

"Katika mji huu hakuna fundi wa makochi anayenishinda," alisema Mama Misumari. Akatema misumari mitatu kiganjani, akafikiri kidogo. "Ila hakuna anayenijua pia. Basi huenda yupo."

Hakuna aliyebisha, kwa sababu karakanani alikuwa peke yake na kochi.

Jina lake lilitokana na kazi. Fundi wa makochi hushika nyundo kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mkono wa pili. Misumari midogo huiweka mdomoni. Mwenye misumari mdomoni hasemi ovyo. Mumewe alikuwa kinyozi. Kinyozi haweki kitu mdomoni, kwa hiyo alisema kwa niaba ya wote wawili.

Karakana ilikuwa nyuma ya duka la rangi, na mlango wake haukuonekana barabarani. Zamani wateja walikuja kwa kuelekezana. Siku hizi kochi likichoka, watu hutazama simu, wakanunua jipya. Mwezi ule Mama Misumari alipata kazi mbili tu, na moja ilikuwa kiti cha mama mkwe wake. Kiwanda cha magodoro kilikuwa kimemwita akashone huko, na kilitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Akikubali, karakana ya miaka kumi na sita itafungwa.

"Usiende," mumewe alimwambia wakati wa kula. "Shida yako hujitangazi. Upo mtandao wa watu wa kazi. Huko si kwa umbea. Mafundi na wenye hoteli wanatafutana huko. Niachie mimi."

Kumwachia kinyozi kazi ya maneno ni kumkabidhi fisi bucha. Kesho yake Mama Misumari aliamka akiwa Mkurugenzi Mkuu wa Kampuni ya Kimataifa ya Samani. Picha yake kwenye ukurasa huo mpya wa mtandaoni ilikuwa ya harusi ya wifi yake. Alikuwa amevaa miwani ya jua, ingawa harusi ilifanyika ukumbini. Chini ya picha palikuwa na kochi la dhahabu lenye miguu ya simba.

"Kochi hili la nani?"

"Lako."

"Mbona sijawahi kuliona?"

"Hata wateja hawajaliona. Ndiyo maana litawavuta."

Likavuta kweli. Siku ya tatu mama mmoja mwenye nyumba ya wageni akaandika: "Nina viti ishirini na vinne vimechoka. Nimependa kochi lako la dhahabu. Alhamisi nitakuja nilikalie, niione kazi yako."

Mama Misumari nusura ameze msumari. "Atakalia nini?"

"Mwambie limeuzwa," alisema mumewe.

"Kwa nani?"

"Kwa mtu wa mbali."

Mama Misumari alivuka ua, akaenda kwa jirani yake Karani. Kazi ya Karani ofisini ni kutafuta watu wa kuajiriwa, na kila siku husoma kurasa za namna hiyo. Akausoma ukurasa ule, akacheka mpaka akakaa chini.

"Dada, huyu mwenye miwani ni nani?"

"Mimi."

"Na mkurugenzi huyu anaongoza watu wangapi?"

"Mmoja, naye hasikii."

Karani akafuta machozi. "Sikiliza. Ukurasa huu ni mlango wa karakana yako. Anayepita anataka kujua wewe ni nani, unafanya nini, na nani atakushuhudia. Weka uso wako, ukiwa kazini. Andika: fundi wa makochi na viti, miaka kumi na sita. Inatosha. Kisha onyesha kazi zako mwenyewe. Piga picha kiti kabla hujakigusa, halafu kiti hichohicho kikiwa tayari."

"Na huyu wa Alhamisi?"

"Mwandikie ukweli leo, kabla hajapanda gari."

"Atanikimbia."

"Huenda. Lakini akija akakuta hakuna kochi, atakimbia na hasira, na wenzake wote watasikia. Huko wanajuana." Karani akamtazama. "Hebu niambie. Wewe unamjuaje fundi mzuri?"

"Napindua kiti, natazama tumbo. Juu kila mtu anapamba. Uvivu hujificha chini."

"Basi piga picha tumbo."

Mama Misumari aliliondoa kochi la dhahabu, na ukurugenzi nao ukaondoka. Akaandika: "Mama, kochi lile si kazi yangu. Picha ile haikustahili kuwekwa. Kazi yangu ni hii." Akatuma picha tatu za kiti cha mama mkwe, alichokimaliza siku hiyohiyo: kikiwa kimepasuka, kikiwa kimepona, na kikiwa miguu juu. Tumboni mikanda ilikuwa imekazwa, na misumari imejipanga kama watoto wa shule.

Siku ikapita bila jibu. Ya pili nayo ikapita. Mama Misumari akasema Ijumaa atakwenda kiwandani. Kinyozi akanyoa kutwa nzima bila kusema neno, hata wateja wakadhani anaumwa.

Alhamisi mwenye nyumba ya wageni akatokea. Alisalimu, kisha akakichukua kiti kilichokuwa karibu, akakipindua.

"Mafundi watano nimewaandikia," alisema. "Wanne wamenionyesha juu. Wewe umenionyesha chini. Tena ni wewe tu uliyesema, 'hii si yangu.' Nitakuletea viti sita kwanza."

Sita vikapendeza, kumi na vinane vikafuata. Kiwanda kikajibiwa kwa adabu kwamba fundi ana kazi.

Karani hakumwacha apumzike. "Mwombe mteja aandike neno kuhusu kazi yako. Aandike mwenyewe, usijisifu kwa mdomo wa ndugu. Wanaouliza, wajibu. Kila wiki fundisha jambo moja dogo. Na anayekuahidi kazi huku akitaka umtangulizie ada, au namba yako ya siri, huyo mfungie mlango."

Wiki hiyo Mama Misumari alieleza namna ya kutambua sponji iliyochoka. Iliyofuata alieleza jinsi ya kutoa doa la chai. Seremala mmoja aliyesoma maelezo hayo akamwomba washirikiane: yeye atengeneze mbao, Mama Misumari avishe kitambaa. Kisha zahanati ikaleta mabenchi yake. Mlango haukuonekana barabarani bado, lakini watu waliujua.

Kinyozi naye aliapa kwamba ameachana na mtandao. "Simu yangu siku hizi ni ya kupigia tu," alisema.

Jioni moja wakiwa sebuleni, Mama Misumari alikuta ushuhuda mpya kwenye ukurasa wake. Akausoma kwa sauti: "Mimi ni tajiri wa ng'ambo. Nimekalia kiti cha fundi huyu miaka kumi na sita, na mgongo wangu haujawahi kulalamika. Pia ana mume mzuri sana."

Akamtazama mumewe. "Unamjua tajiri huyu?"

"Nitamjulia wapi?" Kinyozi alikuwa anakunja taulo zake za kazi, tena kwa bidii.

Mama Misumari akaandika, "Asante, tajiri," akabonyeza. Mfuko wa shati la kinyozi ukalia: ti!

Akaandika tena, "Karibu siku nyingine." Mfuko ukalia tena.

"Ni saa ya ukutani hiyo," alisema kinyozi.

Wote wawili wakatazama ukutani. Palikuwa na msumari mtupu.